Nikon Coolpix 950 ya mwaka 1999: bado inafaa kwa picha za karafuu?

Mwalimu wa Wete:
Assalaam alaykum jamani. Ami yangu amehamia Unguja, kaniachia kamera yake ya dijitali, Nikon Coolpix 950, ile ya vipande viwili vinavyozunguka kama bawaba. Nasomesha sayansi. Nataka picha za karibu za tumba la karafuu, tangu kijani mpaka linapoingia wekundu, niwachapie wanafunzi. Simu yangu nikiisogeza karibu picha inakuwa ukungu mtupu. Niinunulie kadi na betri, au napoteza pesa?

Mpiga nakshi, Mji Mkongwe:
Waalaykumu salaam mwalimu. Inunulie, usisite. Miaka mingi nimeipigia picha za nakshi za milango huku mjini, na kwa kitu kidogo kilichotulia naipenda mpaka leo. Inaona vizuri hata sentimita 2 tu kutoka kwenye lenzi. Washa alama ya ua, zumu iache katikati. Karafuu iko chini juu ya jamvi? Zungusha kipande cha lenzi, kioo cha kuonea picha kikuangalie wewe, huna haja ya kulala kifudifudi. Ila ukisogea mno, kivuli cha kamera kinaangukia tumba, kwa hiyo mwanga utokee ubavuni.

Jua la saa saba linakifuta kioo kabisa. Kile kitundu cha kuchungulia kisikudanganye: kiko kando ya lenzi, kwa karibu hivyo kinaona kingine. Mtoto mmoja akukingie kanga.

Betri ndiyo shida yake kubwa. Inataka nne za saa ya ukutani, na zile za bei rahisi zinakwisha hata mlango mmoja sijaumaliza. Tafuta za kuchaji, zilizoandikwa NiMH. Lakini hapohapo ndipo iliponifaa: umeme ulipokatika Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kamera yangu nyengine yenye betri yake maalumu ililala kabatini. Hii nilikuwa nanunua betri za alkalaini, zile za kutumia na kutupa, dukani, kazi inaendelea.

Kadi yake ni CompactFlash. Ile ya megabaiti 8 iliyokuja nayo inabeba picha kama 8 tu za ubora mzuri. Tafuta ya 128, na kifaa cha kusomea kadi, maana waya wake ni wa tundu la zamani ambalo kompyuta za leo hazina. Picha ni pikseli 1600 kwa 1200: karatasi ya inchi 4 kwa 6 inatoka safi, bango la ukutani hapana. Na watoto wanaokimbia usiwajaribu, ina uzito wa kufyatua.

Mama mwani, Paje:
Mwanangu mwalimu, kabla ya kununua chochote fungua mlango wa betri. Mie yangu niliiweka na betri ndani masika mazima, zikavuja, vyuma vikaota ukungu wa kijani. Niliviokoa kwa pamba yenye maji ya ndimu kidogo, nikaviacha vikauke siku mbili. Siku hizi nikimaliza kupiga, betri nje.

Mwalimu wa Wete:
Ahsante sana Bimkubwa, nawe kaka. Nimefungua sasa hivi. Betri za ami zimo zote nne, mbili zimevuja. Natoka kutafuta ndimu.