Chanja za dagaa zimekwama mwalo mmoja, zitafikaje halmashauri jirani?

MwaloSafi:
Wakuu, naomba ushauri wa kiutendaji. Kuna mwalo (sehemu ya ufukweni wanakotua wavuvi) kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, umeacha kuanika dagaa mchangani, wote wanaanika juu ya chanja, yaani meza za nguzo na wavu. Dagaa wanatoka safi na wanakauka upesi kwa kuwa upepo unapita juu na chini. Waraka wa kuhimiza chanja umefika kwa watendaji wa kata, semina ya siku moja imefanyika, lakini mialo jirani bado ni mchanga. Tunataka zienee hadi Buchosa, Sengerema na Ilemela. Tuanzie mkoani au wizarani?

MchumiWaZiwa:
Mkuu, kote huko si pa kuanzia. Mkoa wa Mwanza una halmashauri nane, na kila moja ina baraza lake na bajeti yake. Sekretarieti ya Mkoa huchambua bajeti na kushauri, ila anayeingiza kifungu cha fedha ni halmashauri. Waraka usio na kifungu hulala kwenye jalada.

Fuateni kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini vipaumbele vya vijiji na mitaa hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata miezi mingi kabla, kisha menejimenti, kamati za kudumu, halafu baraza. Wazo likiletwa Aprili limeshachelewa mwaka mzima. Kwa hiyo Septemba au Oktoba mleteni mwaloni afisa uvuvi wa halmashauri lengwa, mchumi wake na diwani mmoja wa kata yenye mwalo. Diwani humsikiliza diwani mwenzake kuliko mtaalamu yeyote.

Waondoke na karatasi moja ya gharama. Chanja moja: urefu mita 10, kimo mita 1, upana usiozidi mita 1.5 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili. Nguzo 12, yaani jozi moja kila mita 2, fito za kukingama, wavu wa matundu madogo, waya, misumari, ujira wa fundi. Waya upite chini ya wavu, la sivyo wavu unabonyea, dagaa wanarundikana katikati na kuoza. Bei ziwe za soko la wanakokwenda. Mchumi akiona bei za kisiwani kwenye makadirio ya Sengerema, karatasi nzima inapoteza heshima.

MamaDagaa:
Hayo yote sawa, ila angalieni mizani kwanza. Pale mnunuzi anapolipa kwa kilo bila kutenganisha daraja, mchanga nao ni uzito, unauzika. Mwenye chanja anapata hasara kwa usafi wake! Kamati ya BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni) ikubaliane na wanunuzi bei mbili, ya dagaa wa chanja na ya dagaa wa mchanga, kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa.

La pili, hesabu ya chanja. Dagaa huvuliwa kwa taa, hivyo shehena kubwa hutua siku za giza, na mbalamwezi mwalo unapoa. Mkihesabu kwa wastani wa mwezi, giza likiingia nafasi haitoshi na akina mama watamwaga mchangani. Hesabuni kwa usiku mzito kuliko wote, na muwe na maturubai ya mvua.

SheriaNdogo:
Msiharakishe kupiga marufuku kuanika mchangani. Faini ikitangulia chanja, watu wataona ni tozo mpya tu. Nafasi ikishatosha, kijiji kitunge sheria ndogo kupitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, kisha iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Ile ya halmashauri yenyewe inakwenda hadi kwa waziri, ni safari ndefu. Ila Ilemela ni manispaa, ina mitaa, na mtaa hautungi sheria ndogo. Huko njia ya kijiji haipo, tegemeeni makubaliano ya BMU na bei mbili alizosema Mama.

MwaloSafi:
Asanteni sana. Mtaji wa akina mama je? Na afisa uvuvi anayelisukuma jambo hili akihamishwa?

MchumiWaZiwa:
Mtaji: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, mkopo usio na riba kwa vikundi. Marejesho yaendane na mwezi wa uvuvi. Kudai rejesho wakati wa mbalamwezi ni kukivunja kikundi.

Uhamisho unaua mambo mengi mazuri kwenye halmashauri zetu. Vipimo, gharama na mkataba wa bei vikae kwa katibu wa BMU, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Na jihadharini na jambo kuenea kwa jina tu. CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, ilianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, sheria ikaja 2001, ikaenea nchi nzima, lakini halmashauri nyingi zilibaki na wanachama wachache. Kwa hiyo ripoti ya robo mwaka isitaje chanja zilizojengwa. Katibu ahesabu zenye dagaa asubuhi tatu za giza, aandike pia ndoo ngapi zimemwagwa mchangani.

MamaDagaa:
Na aandike kwa nini zimemwagwa. Mara nyingi utakuta ni nguzo zilizoliwa na mchwa, hakuna aliyepangiwa kuzibadilisha.