Tupeane uzoefu: spana gani imekuokoa, na gani imekuharibia kazi?

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Jumamosi iliyopita nilitaka kumwaga oili ya Premio yangu mwenyewe, nyumbani Tabata. Kazi ya nusu saa. Nikatoa sanduku la spana nililonunua mwaka jana, vipande 108, kila kimoja kinang'aa mahali pake. Bolti ya kumwagia oili ni ya milimita 14. Nikavalisha soketi, nikavuta, ikateleza. Nikavuta tena kwa nguvu zaidi, ikazunguka yenyewe na bolti imebaki palepale, pembe zote zimeliwa. Kuitazama soketi, ina ufa kuanzia mdomoni.

Nikamwita mzee mmoja fundi wa jirani. Alikuja na gripu moja kuukuu mfukoni, akaibana bolti ile, ikatoka kwa mvuto mmoja. Akaokota soketi yangu, akaigeuzageuza, akasema, "Mwanangu, hapa umenunua kasha."

Maneno yale yameniingia. Nataka kuanza upya, ila safari hii nisikie kwanza kwa wanaozishika kila siku. Kila mtu aeleze yaliyomkuta: ulinunua nini, kikakufanyia nini. Karibuni.

Mchangiaji wa 2, Arusha

Pole mkuu. Mimi ni fundi wa magari ya watalii, Land Cruiser za mapana na marefu, mwaka wa 19 huu. Ufa huo naufahamu. Tazama ndani ya soketi zako, utakuta zina pembe 12. Soketi ya pembe 12 inagusa nati karibu na kona zake tu, kwa hiyo nati ikiwa na kutu au imekazwa sana, kona ndizo zinazokatika. Ya pembe 6 inakumbatia nati ubavuni. Kwa bolti za chini ya gari usishike kitu kingine.

Nikupe kisa changu. Tulikuwa ndani ya Serengeti, barabara ile ya makorongo madogomadogo inayotikisa gari mpaka meno. Tairi likapasuka. Nilikuwa na spana ya msalaba mpya, niliinunua wiki hiyohiyo kwa sababu ni kubwa na inaonekana ya kazi. Nati ya 21 ya kwanza ikatoka. Ya pili ikagoma, nikapanda juu ya spana kwa mguu, mdomo ukafunguka kama udongo. Wageni sita wamekaa kwenye gari, jua linazama, na huko huruhusiwi kushuka ovyo. Kilichotuokoa ni kile kispana kifupi kilichokuja na gari kutoka kiwandani, cheusi, hakina mvuto wowote. Nilikichomeka bomba la chuma kama urefu wa mkono, nati zote zikatoka.

Tangu siku hiyo kung'aa hakunidanganyi. Nati za tairi natumia soketi nyeusi iliyoandikwa CR-MO (chuma cha kromu na molibdeni), ile ya mashine ya upepo. Chuma chake kimetengenezwa kupokea mshtuko. Zile za kung'aa zenye CR-V (kromu na vanadi) ni nzuri kwa kazi ya mkono, lakini maandishi peke yake hayathibitishi kitu, maana hata zile mbovu zimepigwa chapa hiyo.

Mchangiaji wa 3, Mombasa

Habari zenu. Mimi ni mwanamke, nafanya kazi ya breki na saspensheni kwa mwaka wa nane. Nilipoanza niliambiwa nguvu zangu hazitoshi. Wakati ule nilikuwa na racheti, ule mpini wa kuzungushia soketi, ya meno 24, yaani lazima uizungushe nyuzi 15 ndipo ishike jino linalofuata. Ndani ya injini za magari madogo nafasi hiyo hakuna, kwa hiyo nilikuwa nahangaika nikionekana sijui kazi. Nikaweka akiba, nikanunua ya meno 72. Hiyo inashika kila baada ya nyuzi 5. Kazi ileile, mikono ileile.

Kaka mwanzisha uzi, kwa kuwa utagusa breki siku moja, sikiliza hili. Nati za mabomba ya breki, nyingi kwenye Toyota ni za 10, ni laini na zimeshikana na bomba kwa kutu, hasa huku pwani kwenye chumvi. Ukiishika kwa spana ya mdomo wazi, inakamatwa pande mbili tu, italiwa. Kuna spana yake maalumu, ni kama ringi, yaani spana ya mdomo wa duara, iliyokatwa upande mmoja ili bomba lipite. Niliwahi kulipia bomba zima la mteja kwa kukosa spana hiyo. Nilimlipa kwa pesa ya kodi ya nyumba. Nunua hiyo kabla ya vingine vyote vya kujifaharisha.

Jambo lingine, bisibisi. Wengi hawajui kwamba skrubu za nyota za magari ya Kijapani zilifuata kipimo cha Japani, JIS, na tundu lake linatofautiana kidogo na la nyota ya kawaida ya Phillips. Skrubu nyingi za JIS zina kidoti kidogo kichwani. Bisibisi ya kawaida haizami hadi chini, ukikaza mkono inapanda na kuchana tundu. Skrubu mbili zinazoshika diski za mbele za Honda zimewatesa mafundi wengi kwa sababu hiyo. Mimi natumia ya JIS namba 3, ile ya kugongwa na nyundo huku inazunguka yenyewe. Sijachana skrubu nyingine tangu hapo.

Mchangiaji wa 4, Tanga

Mchango wangu ni mfupi, ila unanigusa moyoni. Baba yangu aliacha Land Rover Series III na sanduku la mbao la spana za Kiingereza zilizopigwa AF, yaani za kipimo cha inchi. Alipofariki nikazifungia stoo, nikawa natumia seti yangu ya milimita. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, nikawa naifungua kwa 13. Inaingia, inalegalega, inafungua. Baada ya miaka miwili nati za gari la mzee zilikuwa za mviringo. Za 9/16 zilikuwa zimenusurika, kwa kuwa ni 14.29 na spana ya 14 haiingii kabisa. Zile za 3/4 hazikudhurika, ni 19.05, ya 19 inakaa vizuri.

Nikarudi stoo. Spana za baba zina umri kunizidi na midomo yake haijafunguka. Nikazifuta kwa dizeli, nikazipaka oili. Sasa kila nati ya gari lile naifungua kwa spana iliyozaliwa nayo.

Mchangiaji wa 5, Morogoro

Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, msiitukane. Ninayo moja ya Bahco, ya Sweden, taya halichezi hata ukitikisa. Shida ni zile ambazo taya linaserereka ukivuta. Ukiwa dukani ifunge kwenye bolti yoyote, ishike taya uisukume juu na chini. Ikicheza, irudishe.

Mchangiaji wa 6, Nairobi

Ndugu zangu, nami niseme kuhusu mitumba. Ringi zangu nyingi nimezitoa Gikomba, za Ujerumani, zimetumika, zina mikwaruzo. Spana iliyofanya kazi miaka mingi na mdomo wake bado uko sawa imeshajieleza. Nikienda kununua nabeba mfukoni bolti mpya tatu: 10, 12 na 14. Naivalisha kila spana. Isipocheza, tunaanza kuongea bei.

Nilichokataa kununua mtumba ni spana ya kupimia mkazo. Nilipata moja kwa bei ya kutupa, nikakazia nayo nati za tairi za Corolla, ambazo kitabu kinasema mkazo wa 103 Nm (nyutoni mita). Ilikuwa inalia mapema mno, kabla nati haijafika mkazo huo. Mteja alirudi jioni akisema anasikia mlio gurudumuni, nati tatu zimelegea. Mtu yule alikuwa amebeba watoto. Nililala vibaya siku nyingi. Sasa nina mpya, siifungulii nati nayo hata mara moja, na nikimaliza naishusha hadi kipimo cha chini kabisa ili springi ipumzike.

Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Nawashukuru wote, na dada wa Mombasa kipekee.

Leo nimekwenda maduka ya Gerezani na bolti tatu mfukoni kama alivyoshauri ndugu wa Nairobi. Duka la kwanza na la pili zilicheza zote. La tatu, muuzaji aliponiona natoa bolti akaacha kunionyesha makasha, akafungua kabati la nyuma. Nimetoka na soketi tano za pembe 6: 10, 12, 14, 17 na 19, racheti moja ya meno 72, ringi ya 14, na ile spana ya bomba la breki. Pesa imekwisha. Ya 21 nyeusi nitaifuata mwisho wa mwezi.

Jioni nimeingia chini ya gari, nimeijaribu bolti mpya ya oili. Soketi imekaa kimya.