Naenda Vietnam mwezi wa saba kwa mambo ya korosho, nijiandaeje?

MtotoWaTandahimba:
Wakuu habari zenu, hasa wa huku kwetu Mtwara na Lindi. Kikundi chetu kimenichagua niende Vietnam nikaone viwanda vya kubangua, si mnajua korosho yetu ghafi nyingi inaishia kule. Nafikia Ho Chi Minh halafu Binh Phuoc, uliokuwa mkoa na tangu Julai 2025 umeunganishwa na mkoa wa Dong Nai. Sijawahi kutoka nje ya nchi, pasipoti ninayo. Naomba mwongozo wa viza, hela, na chakula pia maana mimi Muislamu, nguruwe sigusi.

MamaShangani:
Hongera mdogo wangu. Viza usimpe mtu hela akufanyie, omba mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao, tangu Agosti 2023 wamefungulia nchi zote, dola 25 kuingia mara moja na unaweza kupewa mpaka siku 90. Majina yako matatu yaandike kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, uwanja wa kushukia chagua Tan Son Nhat, kisha iprinti, usitegemee simu maana chaji ikiisha pale foleni itakuwa shida. Pasipoti iwe imebakiza miezi sita. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ibebe, ukiunganishia ndege Addis au Nairobi ndo usiiache kabisa.

KakaMikindani:
Joto halitakusumbua, ni hili hili letu. Mvua sasa! Huku Julai kiangazi, kule kusini mvua ni Mei mpaka Novemba, inamwagika mchana ghafla, beba koti la mvua na ndala. Mbu wa dengue anauma mchana, kwahiyo chandarua peke yake haitoshi, paka dawa ya mbu tangu asubuhi na ukipata homa meza panadol uende hospitali, usiguse aspirini.

Hela yao dong, dola 1 inapita dong 25,000. Angalia sana noti ya 20,000 na ya 500,000, zote za bluu, usiku ukilipa bodaboda unaweza kutoa kubwa ukidhani ndogo, mi naziweka mifuko tofauti. Ukibeba zaidi ya dola 5,000 lazima uzitangaze forodhani. Barabarani wanapita kulia, kwahiyo angalia kushoto kwanza, na pikipiki ni nyingi ajabu, ukishaanza kuvuka tembea taratibu mwendo mmoja, usikimbie wala kurudi nyuma, wao ndo watakukwepa.

UstadhNewala:
Chakula usiogope ndugu yangu. Ho Chi Minh kuna msikiti wa mtaa wa Dong Du, wa tangu 1935, hoteli za chakula halali zipo jirani. Binh Phuoc ndo ujipange, hifadhi kwenye simu "tôi không ăn thịt heo", yaani sili nguruwe, waonyeshe kabla hujaagiza. Wali wa com tam mara nyingi unakuja na nguruwe. Palipoandikwa "chay" hawaweki nyama.

MtotoWaTandahimba:
Mungu awabariki sana, viza naanza kesho. Chaja yangu ya pini tatu itaingia?

KakaMikindani:
Haiingii, soketi zao nyingi za pini mbili. Nunua adapta kwenye maduka ya simu hapo mjini kabla hujapanda basi la Dar.