Nimeacha tramadol ghafla, hii hali inaisha lini?

mtoto_wa_tanga
Wakuu habari za usiku. Mwaka jana nilivunjika mguu ajali ya bodaboda nikawekewa vyuma, nikaandikiwa tramadol ya kutuliza maumivu na toka hapo nimemeza kila siku. Juzi nikaona mguu umepona nikaacha zote kwa mpigo. Kuanzia jana sijielewi, miayo haikatiki, kamasi na machozi utadhani mafua, natoka jasho mpaka shuka linaloa halafu ghafla baridi vinyweleo vinasimama, tumbo linaendesha, miguu usiku haitulii kabisa na nikigeuza macho kuna kama shoti inapita kichwani. Wife alidhani malaria tumepima hamna. Nifanyeje jamani?

dada_wa_duka_la_dawa
Pole sana kaka. Hiyo ndo arosto, haiwapati wavuta unga tu, mwili wowote uliozoea dawa za jamii ya morfini ukizikata ghafla unadai. Kwa tramadol huwa inaanza ndani ya siku moja hivi, siku ya pili na ya tatu ndo inapamba moto, halafu wengi wiki hadi siku 10 wanakuwa wamepata nafuu ila usingizi unachelewa kurudi. Hizo shoti ni kwa vile tramadol inagusa pia serotonini, kemikali ya ubongo, kama zile dawa za sonona. Ulikuwa unameza ngapi kwa siku?

kaza_moyo
Vumilia tu mzee, ukienda hospitali watakuona teja.

mtoto_wa_tanga
Dada mwishoni zilikuwa 8 za miligramu 50. Na kweli hiyo ya kuonwa teja ndo inanitia aibu.

dada_wa_duka_la_dawa
8 ni miligramu 400, ndo kikomo cha siku nzima hicho. Kesho asubuhi nenda kwa daktari umtajie hiyo namba bila kupunguza, anaweza kukurudishia dozi halafu akaishusha taratibu, waliotumia mwaka mzima wengine wanapunguziwa asilimia 10 kwa mwezi. Kuna klonidini pia inasaidia jasho na mihangaiko ila inashusha presha, usijinunulie. Ukipata degedege, ukichanganyikiwa au ukaona vitu ambavyo havipo usisubiri kukuche, wife akupeleke usiku huo huo. Na wewe @kaza_moyo tafadhali usimtishe mwenzio, daktari ndo alimwandikia hiyo dawa. Hata wanaokunywa methadone, dawa ya kuwatoa watu kwenye unga, pale hospitali ya Muhimbili ilikoanza kutolewa 2011, ni wagonjwa wanaotibiwa.

mama_mgongo
Mdogo wangu mi nilipitia hayo baada ya operesheni ya mgongo. Kunywa ORS kidogo kidogo usikae bila maji, uji mwepesi, miguu ikianza oga maji ya moto utembee tembee uani. Dawa ya kufunga tumbo usipitishe kipimo cha kwenye pakiti, ikizidi inaharibu mapigo ya moyo. Ila kubwa kuliko yote, ukishakaa siku kadhaa bila tramadol usije ukazidiwa ukameza zile 8 za zamani, mwili unakuwa umeshapoteza mazoea unaweza kukata pumzi usingizini, tena ukichanganya na pombe au dawa za usingizi kama valium ndo kabisa. Zilizobaki mpe wife azifungie.

mtoto_wa_tanga
Asanteni sana. Nimempa wife zote, saa 1 asubuhi tunatoka.