Je, kweli Wamaya walitabiri mwisho wa dunia? Nimjibu nini mwanafunzi wangu?

Mwalimu wa Historia, Morogoro

Ndugu zangu, habari za leo. Wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha pili alinifuata baada ya kipindi akiwa na ujumbe uliotumwa katika kundi la WhatsApp la familia yao. Ujumbe huo unadai kwamba kalenda ya Wamaya haikukosea iliposemekana kuwa dunia ingekwisha tarehe 21 Desemba 2012, bali waliokosea ni Wazungu, ambao walipobadilisha kalenda yao walipoteza siku 11 kila mwaka, na kwamba siku yenyewe haijafika. Mtoto alikuwa na hofu ya kweli, kwani aliniuliza kama kuna haja ya kujiandaa kwa mtihani.

Nilimwambia huo ni uzushi, akaondoka, lakini niliona usoni kwake kwamba hajatulia. Sitaki kuipuuza hofu hiyo, maana watu wa ukanda wetu tunakumbuka Kanungu, Uganda, Machi 2000, ambako mamia ya watu walikufa baada ya kuaminishwa kwamba dunia inakwisha. Naomba anayeijua kalenda hii anieleze Wamaya wenyewe waliandika nini, na tarehe ya 2012 ilitoka wapi.

Msomaji wa Mambo ya Kale

Mwalimu, heshima kwako. Naomba nianze na hesabu yenyewe. Wamaya, ambao miji yao ya kale ilienea kusini mwa Meksiko, Guatemala, Belize na magharibi mwa Honduras, walikuwa na hesabu kadhaa za siku zilizokwenda sambamba. Moja ilikuwa na siku 260 na nyingine siku 365, na zikianza pamoja hazirudi kukutana mahali pale pale mpaka ipite miaka 52. Kwa mkulima hilo lilitosha. Mfalme aliyetaka kuchonga tarehe kwenye jiwe ili isomwe na vizazi vya mbali hakutosheka, kwa sababu tarehe ile ile ingejirudia baada ya miaka 52, na ndiyo maana ikatumika hesabu ndefu, inayojumlisha siku zote tangu siku moja ya mwanzo. Kwa ulinganisho unaokubaliwa na wataalamu wengi, siku hiyo ni 11 Agosti mwaka 3114 KK.

Siku 20 hufanya winal moja, winal 18 hufanya tun ya siku 360, tun 20 hufanya k'atun ya siku 7,200, na k'atun 20 hufanya b'ak'tun ya siku 144,000. Tarehe 21 Desemba 2012 zilitimia b'ak'tun 13, yaani siku 1,872,000, na Mmaya wa kale angeiandika siku hiyo 13.0.0.0.0, yaani b'ak'tun, k'atun, tun, winal na siku kwa mpangilio huo. Kesho yake angeandika 13.0.0.0.1 na kuendelea. B'ak'tun ya 14 itatimia tarehe 26 Machi 2407.

Uzito wa namba 13 ni wa kweli, na usimfiche mwanafunzi wako jambo hilo. Siku ya mwanzo nayo iliandikwa 13.0.0.0.0, na jiwe moja la Quiriguá, Guatemala, linasimulia kwamba siku hiyo miungu ilisimika mawe matatu. Mtu akiona namba hiyo imerudi, ni rahisi kudhani kwamba mlango uliofunguliwa siku ile sasa unafungwa. Lakini mjini Palenque, katika hekalu la mfalme Pakal, aliyetawazwa mwaka 615, waandishi wake walipiga hesabu ya kumbukumbu ya kutawazwa kwake hadi mwaka 4772 wa kalenda yetu. Watu wanaoamini kwamba dunia itakwisha mwaka 2012 hawapangi sikukuu ya mfalme wao kwa mwaka 4772.

Binti wa Pwani

Ningependa kuongeza kuhusu maandishi yenyewe. Jiwe la kale linalotajwa zaidi ni la Tortuguero, jimbo la Tabasco, Meksiko, la karne ya saba. Linasema kwamba b'ak'tun ya 13 itatimia, kisha linamtaja mungu aitwaye Bolon Yokte'. Sehemu ya mwisho imeharibika, na katika yanayosomeka hakuna moto, gharika wala kifo cha watu. Mwaka 2012 wenyewe liligunduliwa jiwe jingine huko La Corona, Guatemala, lenye tarehe hiyo hiyo, na linasimulia ziara ya mfalme wa Calakmul mwaka 696, muda mfupi baada ya kushindwa vitani na Tikal. Mfalme aliyeshindwa alijihusisha na tarehe kubwa ya mbali ili aonekane bado ana nafasi katika mpango wa nyakati. Kwangu mimi hiyo ni siasa ya ufalme.

Habari ya maangamizi ililetwa na watu wa nje. Mwaka 1966 mtaalamu wa Marekani, Michael Coe, aliandika kwamba huenda Wamaya walitarajia maangamizi mwishoni mwa b'ak'tun ya 13. Wengine, akiwemo José Argüelles miaka ya 1980, wakaigeuza kuwa habari ya mabadiliko ya roho za watu wote, na mwaka 2009 Hollywood ikatoa filamu. Kinachoniumiza ni kwamba Wamaya wapo, mamilioni yao, na katika nyanda za juu za Guatemala wako walinzi wa siku, ajq'ij, wanaoendeleza hesabu ya siku 260 hadi leo. Mwaka 1562, katika mji wa Maní, Yucatán, mtawa Diego de Landa alichoma vitabu vyao, na vilivyobaki duniani ni vinne tu. Kwanza walichomewa vitabu, kisha wakasingiziwa maneno ambayo hawakuyaandika.

Mzee wa Makunduchi

Nakubaliana nanyi kwa mengi, wanangu, ila tusiwafanye Wamaya kuwa watu wasio na hofu. Mwaka wao wa siku 365 ulikuwa na miezi 18 ya siku 20, na siku tano zilizobaki, Wayeb', zilihesabiwa kuwa za nuksi. Tena katika kitabu chao kilichohifadhiwa Dresden, Ujerumani, ukurasa mmoja unaonyesha mnyama wa angani akimwaga maji mengi. Hofu ya gharika walikuwa nayo, isipokuwa hawakuifunga kwenye tarehe ya 2012.

Sisi huku Unguja tunauelewa mwaka wa namna hiyo. Mabaharia wetu walihesabu kuanzia Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka, miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku tano za ziada. Siku ya Mwaka Kogwa tunachoma kibanda na wanaume wanapigana kwa migomba ili ugomvi wa mwaka uliopita uishe, halafu tunakula na kuuanza mwaka mwingine.

Mwalimu wa Historia, Morogoro

Nawashukuru sana, nawe mzee wangu shikamoo. Limebaki dai la siku 11, ambalo ndilo lililomtisha mtoto.

Msomaji wa Mambo ya Kale

Siku hizo ziliondolewa mara moja tu, Mwalimu. Papa Gregori XIII aliruka siku 10 mwaka 1582, na Uingereza, iliyochelewa kuifuata kalenda hiyo, ikaruka siku 11 mwaka 1752, pale siku iliyofuata 2 Septemba ilipoitwa 14 Septemba. Waliotunga ujumbe walizidisha 11 kwa miaka 268, wakapata siku 2,948, karibu miaka minane, wakatangaza Juni 2020, na siku hiyo nayo ikapita.

Tena wataalamu hawakuilinganisha hesabu ya Wamaya na majina ya tarehe zetu. Huhesabu siku moja moja mfululizo, kwa hiyo kubadilisha jina la siku hakuongezi wala hakupunguzi kitu. Ulinganisho huo umepimwa pia kwa umri wa mbao za hekalu la Tikal, ukalingana. Mwite mwanafunzi wako ubaoni, mwache azidishe mwenyewe 13 kwa 144,000, kisha mwombe akuonyeshe ni wapi katika hesabu hiyo siku 11 zinaweza kupotea kila mwaka.