Naomba ushauri: vitabu vya wakatekumeni watu wazima

Tumsifu Yesu Kristo. Natafuta vitabu vya Kiswahili kwa watu wazima wanaojiandaa kubatizwa Mkesha wa Pasaka.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (1992) ninayo, lakini kumwanzisha mtu aya ya 1 ili afike ya 2865 ni kumkatisha tamaa. Iliandikwa kwanza kwa ajili ya maaskofu na walimu wa dini. Ufupisho wake wa 2005 una maswali 598 yenye majibu mafupi, na yanaelekeza kwenye aya za Katekisimu kubwa. Kwa mwanafunzi, huo ndio mlango. Je, kwa Kiswahili unapatikana duka gani, hasa mikoani?

Biblia nayo inasumbua. Wengi huja na ile ya Kiprotestanti, yenye vitabu 66. Tukifika kwenye fundisho la toharani, yaani utakaso wa roho baada ya kifo (Katekisimu, aya 1030–1032), 2 Wamakabayo 12 hawaioni. Ipi ya vitabu 73 ina maelezo mazuri chini ya ukurasa, na herufi zinazosomeka na wazee?

Vijitabu vya mafundisho visivyo na kibali cha askofu kurasa za mwanzo msinitajie, hata vikiwa vya bure. Video za YouTube sawa, ila semeni anayefundisha ni nani.