Mrejesho: Solaar sasa inaisoma risiva bila sudo

Wakuu, asanteni. Shida yangu ilikuwa hii: mausi na kibodi za Logitech zisizo na waya zinafanya kazi kwenye Ubuntu (Linux), ila Solaar, programu ya kusimamia vifaa hivyo, ikifunguliwa na mtumiaji wa kawaida bila sudo (amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi) inagoma, haina ruhusa ya kusoma risiva, kile kipokezi cha USB. Sasa kompyuta zote za ofisini zimekubali.

Kiini ni mafaili ya /dev/hidraw, ambayo programu huyatumia kuwasiliana moja kwa moja na vifaa kama risiva, na kwa kawaida ni ya root (msimamizi mkuu) peke yake. Nilichukua faili la kanuni la Solaar, 42-logitech-unify-permissions.rules, nikaliweka /etc/udev/rules.d (folda ya kanuni za udev, sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa), nikaendesha `sudo udevadm control --reload-rules` ili kanuni zisomwe upya, kisha nikachomoa risiva na kuichomeka upya.

Hiyo 42 mwanzoni mwa jina la faili msiibadilishe ovyo, maana mafaili husomwa kwa mpangilio wa majina. Kanuni inategemea alama TAG+="uaccess", hivyo lazima isomwe kabla ya faili la mfumo 73-seat-late.rules, ambalo kwa kuiona alama hiyo ndilo linalompa ruhusa aliyekaa mbele ya mashine. Anayeingia kutoka mbali kwa SSH hapati. Huyo apewe kupitia kundi la watumiaji, mfano plugdev.

Mkuu uliyeshauri chmod 666 (amri ya kumruhusu kila mtu kusoma na kuandika faili), nashukuru kwa kujitolea, ila ruhusa hiyo hupotea risiva ikichomolewa. Tena inamwachia kila mtumiaji wa mashine nafasi ya kunasa anachoandika mwenzake, hata nywila. Kwa kompyuta za watu wengi, siikubali kabisa.